Msimamizi mkuu wa shule Marekani: sheria inataka nini, na nani anaweza kumsamehe

Wazazi wenzangu wanaoishi Marekani huniuliza jambo moja kila wilaya yao ya shule inapotangaza kutafuta msimamizi mkuu, yaani kiongozi wa shule zote za wilaya: huyu mtu analetwa na nani, na lazima awe amesomea nini? Aliyekulia Tanzania au Kenya amezoea afisa elimu anayepangiwa kituo kutoka juu. Kule hakuna wizara ya kumpangia. Kwa kawaida anayemwajiri ni bodi ya elimu ya wilaya, ambayo mara nyingi wajumbe wake huchaguliwa na wakazi wenyewe, na jimbo huamua tu nani ana sifa za kuajiriwa. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, kwa hiyo kila jimbo limejitungia masharti yake.

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wanaotaka uongozi, na masharti haya hunipitia mikononi kila mwaka. New York inadai krediti 60 (vipimo vya masomo ya chuo) za masomo ya juu ya shahada ya kwanza, pamoja na miaka 3 ya kufundisha. Texas inataka shahada ya uzamili, mafunzo yaliyoidhinishwa, mtihani wa jimbo, na cheti cha mwalimu mkuu au uzoefu wa uongozi unaokubalika badala yake. Florida ni habari nyingine: katika kaunti nyingi msimamizi mkuu hupigiwa kura kama sherifu, na anayegombea hatakiwi kuwa amewahi kushika chaki.

Lakini mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze na kifungu cha msamaha, yaani kinachoruhusu asiyetimiza masharti aajiriwe, maana kila mlango wa mbele una mlango wa uani, na la muhimu ni kujua nani ameshika ufunguo.

New York ufunguo uko kwa kamishna wa elimu wa jimbo. Novemba 2010, Meya wa Jiji la New York, Michael Bloomberg, alimteua Cathleen Black, kigogo wa kampuni ya majarida ya Hearst, aongoze shule za jiji hilo zenye wanafunzi zaidi ya milioni moja. Hakuwahi kufundisha, wala hakuwa na shahada ya uzamili. Kamishna David Steiner aliunda jopo la watu 8 kumshauri, na waliounga mkono msamaha walikuwa 2 tu. Hatimaye aliutoa, baada ya meya kukubali kumweka chini ya Black mtaalamu wa ualimu, Shael Polakow-Suransky, asimamie masomo. Black alianza Januari 2011. Aprili alikuwa ameshaondoka.

Sisemi kila aliyesamehewa hushindwa. Joel Klein, mwanasheria aliyemtangulia, naye alipewa msamaha, akadumu miaka 8. Shule za Los Angeles, California, ziliongozwa na Roy Romer, gavana wa zamani wa Colorado, kuanzia 2000 hadi 2006, na chini yake zilijengwa shule mpya nyingi katika jiji lililokuwa limefurika wanafunzi.

Kinachonitia wasiwasi California ni kwamba sheria inairuhusu bodi yenyewe kumwondolea mtu sharti la leseni. Anayemtaka mtu ndiye huyohuyo anayemsamehe. Ningechagua utaratibu wa New York, ambako mtu wa nje hulazimika kupima na kutoa sababu. Na miaka 3 ya darasani nisingeisamehe kwa yeyote. Msimamizi mkuu ndiye anayepeleka bajeti mbele ya bodi, na humo ndimo inamoamuliwa kama mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu atapata mwalimu wa kumfundisha Kiingereza au ataketi nyuma ya darasa bila kuelewa kitu. Aliyewahi kusimama mbele ya mtoto kama huyo huisoma bajeti hiyo kwa macho mengine.

Kwa hiyo mzazi, wilaya yako ikitangaza jina, lichunguze. Majimbo mengi, Texas ikiwamo, yana rejista ya leseni za walimu na viongozi ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni bure. Usipoliona jina, nenda kwenye kikao cha bodi uulize msamaha ulitolewa na nani, kwa sababu gani, na nani chini yake atasimamia ufundishaji. Na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla: wilaya inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwapa wazazi habari muhimu kwa lugha wanayoielewa.