Hamira iitwayo pombe, na namna inavyojikata katikati

Mwaka 1893 mtafiti wa Ujerumani, Paul Lindner, alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki akakuta humo hamira yenye umbo la kijiti. Akaiita Schizosaccharomyces pombe, na neno letu likabaki katika sayansi hadi leo. Hamira ya mikate huchipuza: kichipukizi hutoka ubavuni mwa seli mama, hukua, kisha hujitenga. Hii ya pombe hurefuka tu bila kunenepa, halafu hujikata nusu kwa nusu. Ndiyo maana wachunguzi wanaipenda: ukipima urefu wake kwa hadubini, unajua imefika hatua gani.

Seli changa ina urefu wa mikromita 7 hivi, na hujigawa ikikaribia 14. Ikiwa na lishe ya kutosha na joto la nyuzi 32 za Selsiasi, hutumia kama saa mbili na nusu. Muda mwingi huo ni wa kukua na kusubiri, kwa sababu seli huzaliwa ikiwa imekwisha kunakili DNA yake au inakaribia kumaliza.

Inasubiri nini? Kimeng'enya kiitwacho Cdc2, ambacho hubandika fosfeti (kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni) kwenye protini nyingine na kuziamsha kazini. Peke yake ni bure. Lazima kishikane na protini Cdc13, inayojengwa upya kila mzunguko. Hata vikishikana, kuna breki. Kimeng'enya kingine, Wee1, hubandika fosfeti juu ya Cdc2, kwenye tairosini ya 15 (moja ya asidi amino zinazoiunda), nayo hukizima. Kimeng'enya Cdc25 huibandua. Seli inavyokua, Cdc25 huongezeka, mpaka inaishinda Wee1. Cdc2 ikiwaka kidogo tu, yenyewe huichochea Cdc25 na kuilegeza Wee1, hivyo mabadiliko huja kwa kishindo wala hayarudi nyuma.

Ukiharibu jeni ya Wee1, seli hujigawa ikiwa na karibu nusu ya urefu wa kawaida. Mwanabiolojia Paul Nurse aliziona seli hizo Edinburgh miaka ya 1970, na jina Wee1 linatokana na neno la Kiskoti lenye maana ya "dogo". Ukiiharibu Cdc25, seli hurefuka na kurefuka bila kujigawa. Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kuchukua nafasi ya cdc2 iliyoharibika, na hamira ikaendelea kuzaana. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko yote kwamba mtambo huu ni wa zamani mno, na kwamba tunaushiriki.

Cdc2 ikishawaka, nyuzi za kuvuta kromosomu hujengwa ndani ya kiini, ambacho utando wake haupasuki, tofauti na wa seli zetu. Kromosomu ni tatu, kila moja na nakala yake, zikifungwa pamoja na pete za kohesini. Nyuzi za upande mmoja hushika nakala moja, za upande wa pili nyingine. Ikiwa hata kromosomu moja haijashikwa, protini Mad2 huzuia nakala zisitenganishwe. Zote zikishikwa, protini Cut2 huharibiwa, na kimeng'enya Cut1 kilichokuwa kimefungwa nayo hukata pete. Ikikosekana Cut1, nakala hazitengani, lakini ukuta wa kuigawa seli hujengwa vilevile na kukikata kiini katikati. Seli hufa.

Mahali pa ukuta hupangwa mapema. Protini Mid1 hutoka kwenye kiini na kutia alama katikati ya seli. Aktini na mayosini, protini zinazofanya misuli ijikunje, hukusanyika hapo, zikawa pete inayojibana. Mid1 isipokuwepo, ukuta huota mshazari au huelekea nchani. Pete ikijibana, seli hujenga nyuma yake ukuta wa tabaka tatu. Kisha kimeng'enya Eng1 humeng'enya tabaka la kati na kingine, Agn1, humeng'enya ukuta wa nje unaolizunguka. Ikikosekana Eng1, utaona chini ya hadubini seli zilizokwisha gawanyika lakini zimeshikana kama mnyororo, zikishindwa kuachana.