Uhuru wa dhamiri katika Pennsylvania ya William Penn

Kila inapozungumzwa asili ya uhuru wa dini nchini Marekani, hakosekani mtu wa kusema kwamba Wapuritani wa Massachusetts na Waquaker wa Pennsylvania, makundi mawili ya Wakristo wa Uingereza yasiyoridhika na kanisa rasmi la nchi yao, walivuka bahari kwa lengo moja, yaani kutafuta uhuru wa kuabudu. Kauli hiyo imezoeleka mno, nayo inatia ndani ya chungu kimoja mambo ambayo watu wa karne ya 17 waliyatofautisha hata kwa gharama ya maisha yao.

Uhuru wa dhamiri ni haki ya mtu kutoshurutishwa na dola katika mambo ya imani: asilazimishwe kuhudhuria ibada asiyoiamini, asitozwe mali ya kuitegemeza, wala asiadhibiwe kwa kuishika ile anayoiamini. Maana yenyewe haina ugumu. Kinachowashinda wengi ni kuitenga na mambo yanayofanana nayo.

Kwanza, kujitafutia uhuru si sawa na kuutoa. Wapuritani walijitafutia, wakaupata, kisha wakaufungia mlango. Kati ya mwaka 1659 na 1661 walinyonga Waquaker wanne mjini Boston, akiwamo Mary Dyer, ambaye kosa lake lilikuwa kurudi katika koloni aliyokwisha kufukuzwa kwa ajili ya imani yake. Anayesema kwamba koloni hizo mbili zilianzishwa kwa shabaha moja anamweka Mary Dyer upande mmoja na waliomtia kitanzi.

Pili, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, uhuru wa dhamiri si uvumilivu. Mtawala mvumilivu ana dini yake rasmi, na kwa hisani yake anaziachia nyingine nafasi ya kupumua. Kwa kuwa ni hisani, anaweza kuiondoa. Mfalme Charles II wa Uingereza alisimamisha kwa tangazo la mwaka 1672 sheria zilizowabana wasiofuata Kanisa la Uingereza, na mwaka uliofuata, baada ya Bunge kumshinikiza, akalifuta tangazo hilo. Waliokuwa wametoka gerezani walijikuta hawana haki yoyote ya kudai, kwa sababu hawakuwa wamepewa haki.

Waquaker, ambao wenyewe hujiita Marafiki, na ndilo jina lao hata Kaimosi, magharibi mwa Kenya, walikofika wamisionari wao kutoka Marekani mwaka 1902, walikuwa na sababu ya pekee ya kutoridhika na hisani ya namna hiyo. Waliamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, hivyo ibada ya kulazimishwa kwao haikuwa ibada hata kidogo. Walikataa kulipa zaka kwa kanisa lisilo lao, wakanyang'anywa mifugo na vyombo. Walikataa kuapa mahakamani kwa kuwa Injili ya Matayo inasema, “Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo,” wakafungwa. Hawakumvulia kofia mkubwa yeyote, hata hakimu.

William Penn, Mquaker wa Kiingereza aliyekuja kuianzisha Pennsylvania, aliyaonja hayo mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1670, askari walipokuwa wamewafungia Marafiki nyumba yao ya mikutano jijini London, alihubiri barabarani, akakamatwa pamoja na William Mead. Walipoletwa mahakamani wakiwa wamevuliwa kofia, iliamriwa wavalishwe, kisha wakatozwa faini kwa kuzivaa mbele ya mahakama. Wazee wa baraza walipokataa kuwatia hatiani, walifungiwa usiku kucha bila chakula, maji wala moto, na bado hawakubadili uamuzi wao.

Mwaka 1681 mfalme yuleyule, Charles II, alimpa Penn ardhi kubwa magharibi ya mto Delaware kulipa deni la pauni 16,000 alilodaiwa na marehemu baba yake Penn, aliyekuwa amiri wa jeshi la majini. Sheria zilizopitishwa Desemba 1682 zilitamka kwamba yeyote anayemkiri Mungu mmoja, Muumba wa ulimwengu, na kuishi kwa amani, hatasumbuliwa kwa imani yake wala kulazimishwa kuhudhuria au kuigharimia ibada yoyote. Hakukuwa na kanisa la dola, hata la Marafiki. Hati ya haki ya mwaka 1701 ilikwenda mbali zaidi ikasema kwamba kifungu cha dhamiri kisibadilishwe milele. (Penn alikuwa pia mwenye ardhi anayetafuta wanunuzi, akiuza ekari 5,000 kwa pauni 100, na uhuru huo uliwavuta wengi; sioni kwamba jambo hilo linaushusha.)

Nguvu ya kifungu hicho ilionekana mwaka 1734, gavana alipolifikishia baraza lake habari kwamba Wakatoliki wamejenga kanisa Philadelphia na wanasali misa hadharani, jambo lililokatazwa na sheria za Uingereza. Hati ya 1701 ikatajwa, na kanisa halikufungwa.

Hata hivyo, Wakatoliki haohao hawakuweza kushika madaraka, kwa sababu tangu mwanzoni mwa karne hiyo, kwa shinikizo la London, mwenye cheo alitakiwa kuyakana mafundisho ya kanisa lao. Tangu mwanzo sheria za Penn zenyewe ziliwawekea Wakristo peke yao nafasi za uongozi, na asiyemkiri Mungu kabisa hakutajwa katika ulinzi huo. Kwa hiyo uhuru wa dhamiri haukuwa usawa wa dini. Wala haukuwa uhuru wa mtu: Penn alimiliki watumwa. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown, makazi yaliyokuwa karibu na Philadelphia, waliandika kwamba nchi yenye uhuru wa dhamiri inapaswa kuwa na uhuru wa mwili pia. Mikutano ya Marafiki ikaipeleka barua hiyo kutoka ngazi hadi ngazi bila kuitolea uamuzi, na Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, chombo chao cha juu huko, haukuwakataza wanachama wake kumiliki watumwa hadi mwaka 1776.

Wanaoiita Pennsylvania “koloni ya Waquaker” hawajakosea, ikiwa wanamaanisha watu walioianzisha na waliotawala baraza lake la kutunga sheria hadi mwaka 1756, baadhi yao walipojiuzulu kwa sababu ya vita, jambo ambalo imani yao ililikataa. Wakimaanisha koloni ambayo Uquaker ulikuwa dini rasmi, wanamsingizia Penn jambo aliloandikia sheria ili lisitokee.