Tangawizi Kuoza Shambani: Fangasi, Bakteria Rafiki na Kazi ya Kufanya Kabla ya Kupanda

Mkulima wa tangawizi huuona ugonjwa kwenye majani, ilhali ugonjwa wenyewe umeanza zamani chini ya udongo. Majani ya chini yanageuka njano, anakimbilia duka la pembejeo, anauziwa dawa ya ukungu, anapulizia majani. Tangawizi inaendelea kuoza. Kwa wakulima wa milima ya Pare wilayani Same, ambako zao hili ndilo linalolipa ada za watoto, hasara ya namna hii ni kubwa mno. Swali tunaloulizwa kila msimu ni dawa gani itaponya shina lililoanza kuoza. Hakuna. Tunachoweza ni kulinda mashina yaliyobaki, na kuuandaa vizuri msimu ujao.

Kwanza ujue unapambana na nani, maana magonjwa matatu hufanana ukiyatazama kwa mbali. Fusarium, fangasi wa udongoni, huja polepole: majani yanakuwa njano kuanzia kingo, mmea unadumaa bila kuanguka, na ukikata tunguu, yaani ile sehemu nene ya chini ya udongo tunayoivuna, unaona rangi ya kahawia ndani, nyama ikiwa imesinyaa na kukauka. Pythium ina haraka. Shina linalainika pale linapotokea ardhini, ukilivuta linachomoka mkononi, na tunguu linabaki ganda lenye uji unaonuka. (Wanasayansi hawamhesabu Pythium kuwa fangasi halisi, lakini shambani anaumiza vilevile.) Wa tatu ni mnyauko bakteria, na huyu hasikii dawa ya ukungu hata kidogo. Kumtambua, kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni yeye.

Magonjwa haya yote husafiri kwa mbegu. Kwa kuwa tangawizi hupandwa kwa vipande vya tunguu, kipande chenye doa la kahawia kinaingiza ugonjwa kwenye shamba ambalo pengine lilikuwa safi. Fusarium akishaingia hukaa udongoni miaka mingi hata pasipo tangawizi. Pythium yeye hupenda maji: ana vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye udongo uliojaa maji, kwa hiyo mfereji unaopita shamba la juu lenye ugonjwa unaweza kumfikisha kwa jirani wa chini. Mahali ambapo watu wanagawana maji ya mfereji mmoja, ugonjwa huu ni jambo la kikao cha kijiji kizima.

Sasa tuje kwa bakteria rafiki, ambao watu wengi wanawasikia kupitia matangazo kuliko kupitia maelezo. Mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner alionyesha kuwa udongo unaogusa mzizi una uhai wa namna yake. Mzizi hutoa sukari na vyakula vingine, na bakteria hujazana pale kuvila. Baadhi yao, hasa wa jamii za Bacillus na Pseudomonas, huulipa mmea fadhila. Pseudomonas hutoa kemikali zinazonyakua madini ya chuma kabla fangasi hajayapata. Bacillus hutengeneza vitu vinavyotoboa utando wa seli za fangasi. Wengine huyeyusha fosforasi iliyoganda udongoni ili mzizi uinywe, na wengine huuamsha mmea wenyewe ujenge kinga yake mapema.

Yote hayo yanategemea nani katangulia. Ni kama viti vya daladala: aliyewahi ndiye anayekaa. Bakteria wakijaa kwenye mzizi mchanga, Fusarium anakuta nafasi na chakula vimeshachukuliwa. Ukiwamwaga juu ya tunguu lililokwisha kulainika, umepoteza fedha. Kwa hiyo chagua vipande visivyo na doa, vyenye macho yaliyo hai, viloweshe kwenye mchanganyiko wa bakteria kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, vikaushe kivulini, kisha upande kwenye matuta yaliyoinuliwa ili maji yasituame. Changanya mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kumfungulia fangasi mlango.

Kumbuka pia kwamba umenunua viumbe hai. Usiwachanganye na mrututu wala dawa nyingine yenye shaba, wala usitumie maji ya bomba yaliyotoka kutiwa klorini. Bacillus hujifunga ndani ya ganda gumu na kuvumilia ukavu, lakini Pseudomonas hufa upesi pakiti ikiachwa juani au ikipitwa na tarehe. Hakikisha bidhaa imesajiliwa. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Nasisitiza njia hii kwa sababu sehemu ya tangawizi tunayoitumia ni ileile inayokaa kwenye udongo tunaoumwagia dawa. Mgonjwa wa kikohozi anayechemsha kipande chake, na mama mjamzito anayekitafuna kutuliza kichefuchefu, wana haki ya kupata zao lisilo na mabaki ya sumu.

Palipoonekana ugonjwa, ng'oa mashina yaliyoathirika pamoja na udongo wake, uyachome mbali na mfereji, na uoshe jembe kabla ya kuhamia tuta lingine. Kisha pumzisha eneo hilo miaka mitatu au zaidi kwa mahindi. Nyanya, pilipili, bilinganya na viazi mviringo visipandwe hapo, kwani navyo hushambuliwa na mnyauko bakteria.

Ukitaka uhakika, leta sampuli kwa afisa ugani au maabara. Chagua shina linaloanza kuumwa, kwani lililooza kabisa limeshavamiwa na viumbe wengine wanaoficha mkosaji halisi. Ling'oe na mizizi yake, ulifunge kwa gazeti badala ya mfuko wa plastiki, na ulifikishe siku hiyohiyo.