Je, wajua kwa nini kamba ya jenereta humnyang'anya mtu mkono?

Umeme unapokatika jioni katika mitaa ya Nairobi kama vile Umoja au Kayole, haupiti muda mrefu kabla jenereta ndogo za vinyozi na wenye bucha hazijaanza kunguruma. Baadhi huwashwa na kijana mwembamba kwa kuvuta kamba mara moja tu, ilhali nyingine za ukubwa ule ule humtoa jasho mtu wa miraba minne, na wakati mwingine kamba humponyoka na kurudi kwa kishindo. Wengi huamua papo hapo kwamba kamba ni mbovu au ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, zimekwama. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni kifaa kidogo cha kupunguza mgandamizo kilichofichwa ndani ya injini, au pengo la tapeti (nafasi ndogo kati ya valvu na sehemu inayoisukuma ifunguke) ambalo kifaa hicho hulitegemea.

Injini ya mipigo minne huvuta hewa na petroli, huikandamiza, huiwasha, kisha hutoa moshi. Chukua mfano wa Honda GX200, ambayo maumbo yake yameigwa na viwanda vingi: silinda yake ina upana wa milimita 68, na mchanganyiko wa hewa na petroli hukandamizwa hadi sehemu moja ya 8.5 ya nafasi yake ya awali. Shinikizo likifikia kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 290 hivi, na mkono wa anayevuta kamba ndio unaopaswa kuishinda nguvu hiyo. Isitoshe, cheche ya plagi hutoka kabla pistoni haijafika kileleni. Injini ikizunguka polepole mno kwa sababu ya ugumu huo, moto huirudisha pistoni ilikotoka, na hapo ndipo kamba inapovutwa kwa ghafla kiasi cha kuweza kuumiza kifundo cha mkono.

Ili kumwondolea mtu mzigo huo, watengenezaji huweka kwenye kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, uzito mdogo ulioshikwa na springi. Injini ikiwa imesimama au ikizunguka polepole, springi huuvuta uzito huo ndani, na pini yake hujitokeza kidogo kando ya nundu ya kamshafti, ikaiinua valvu ya moshi kwa sehemu ya milimita wakati pistoni inapopanda kukandamiza. Sehemu ya hewa huvuja, kamba ikawa nyepesi. Injini ikishika moto na kuongeza mwendo, uzito hurushwa nje kwa nguvu ya mzunguko, pini hujificha, na mgandamizo hurudi wote. Jenereta inayotoa umeme wa hezi 50 kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo mvutaji hahitaji kuufikia mwendo huo. Anahitaji tu kuifikisha injini mahali ambapo itaweza kujiendesha.

Si kila injini hutumia mtindo huu. Injini nyingi za zamani za Briggs & Stratton hazina uzito wala springi, bali zina kijinundu kilichochongwa kwenye kamshafti upande wa valvu ya kuingiza hewa. Dizeli za mashine za kusaga unga zina kiwiko ambacho mtu hukiinua kabla ya kuzungusha hendeli na kukishusha injini ikishapata kasi, nazo baadhi ya misumeno ya kukatia miti ina kitufe cha kubonyeza juu ya silinda.

Sasa, kwa kuwa pini huinua valvu kwa kiasi kidogo mno, pengo la tapeti likizidi kipimo linameza mwinuko wote na valvu haifunguki. Kwa GX200, pengo la valvu ya kuingiza hewa ni milimita 0.15 na la moshi ni 0.20, injini ikiwa baridi kabisa. Fundi makini wa Barabara ya Kirinyaga kwanza huchomoa waya wa plagi, hufungua kifuniko cha tapeti, huiweka pistoni juu ya mpigo wa mgandamizo, kisha hupitisha bamba jembamba la kupimia, linaloitwa fila, kati ya roka (mkono mdogo unaoibonyeza valvu) na valvu. Katika injini nyingi za Briggs & Stratton, maelekezo ni kuiteremsha pistoni takriban milimita 6 baada ya kilele, ili kipunguza mgandamizo kisiwe kimeishika valvu na kudanganya kipimo. Kazi hii haichukui nusu saa, nami ningeitangulizia kabla ya kununua kamba mpya.

Pengo likiwa sahihi na ugumu ukaendelea, itabidi kumwaga oili na kufungua ubavu wa injini. Springi iliyokatika huuacha uzito ukining'inia nje, na pini haifanyi kazi. Oili chafu iliyoganda huweza kuung'ang'aniza uzito ndani. Hapo injini huwaka kwa urahisi lakini hukosa nguvu. Wakati wa kufunga, alama za gia ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na ya kamshafti lazima zikutane, la sivyo valvu zitafunguka kwa wakati usiofaa.

Kuna mtego mwingine: geji ya mgandamizo ikitumiwa wakati wa kuvuta kamba husoma kidogo kwa sababu kifaa hiki kinavujisha hewa kwa makusudi, na Nairobi, ikiwa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kuliko Mombasa, kwa hiyo namba hushuka zaidi. Ringi nzima zimewahi kuhukumiwa kwa namba hizo. Kipimo cha haki ni kuiweka pistoni juu, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kuizuia krenki isizunguke, kisha kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kusikiliza inakotokea. Ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya moshi inavuja. Kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza hewa. Kwenye mdomo wa oili, ni ringi.