Konvetibo si gari lisilo na paa

"Na sasa tuwapokee maharusi wetu, wanaingia na gari lisilo na paa!" Hivyo ndivyo alivyotangaza mshehereshaji Jumamosi iliyopita, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Nimeendesha magari ya maharusi hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na maneno hayo nimeyasikia kwa washehereshaji, wapambe, wapiga picha, hata kwa mafundi ambao kazi yao ni kulifahamu gari. Safari hii nimeona niandike.

Konvetibo ni gari ambalo paa lake limeundwa kiwandani likunjwe na kufichwa nyuma, kisha lirudishwe na kufungwa bila kufungua nati hata moja. Paa hilo laweza kuwa la turubai au la chuma. Likishafungwa, gari linakuwa kamili, vioo vya milangoni vikipanda hadi kushikana na paa. Basi, maana ndiyo hiyo.

Ila watu wanaipita juujuu sehemu ya pili ya maana hiyo, ile ya kurudishwa na kufungwa, nayo ndiyo iliyolipa gari jina. Waingereza wamelitoa neno hili Kilatini, kwenye kitenzi convertere, kugeuza. Mtu aliyebadili dini wanamwita kwa neno la ukoo huohuo, na benki hulitumia kwa fedha inayobadilishika, ile ukiipeleka duka la kubadilishia fedha unapewa nyingine. Sasa hebu tufikiri kwa Kiswahili chetu. Mtu aliyesilimu hatumwiti mtu asiye na dini. Alikuwa huku, amehamia kule. Gari hili nalo lina hali mbili, ya kufunguka na ya kufungika, na sifa yake ni kule kutoka hali moja kwenda nyingine na kurudi. Ukiliita lisilo na paa umeitaja hali moja na kuifuta ya pili.

Wenzetu wa Ulaya wana jina jingine la gari hili, cabriolet, na hilo lina historia tamu zaidi. Katika karne ya 18 Wafaransa walikuwa na kigari chepesi cha farasi mmoja, magurudumu mawili, chenye kifuniko cha kukunja. Kwa wepesi wake kilikuwa kinarukaruka njiani, wakakiita cabriolet, kutoka neno lao la mruko. Ukilifuata neno hilo nyuma unapitia Kiitaliano, unafika kwenye Kilatini caper, maana yake mbuzi. Ni kigari kirukacho kama mbuzi. Waingereza wakakichukua na kulifupisha jina likawa cab, na gari la abiria la kulipia lilipofungwa kile kipimo cha nauli, taximeter, majina mawili yakaungana: taxicab. Sisi tukaokota nusu ya mbele tukapata teksi. Kwa hiyo dereva wa teksi na dereva wa konvetibo ni ndugu wa jina moja lililokatwa vipande viwili, na mbuzi kabaki kwenye kipande ambacho sisi hatukukichukua.

Kila nikifika hapa nakumbuka neno letu wenyewe. Paa ni la nyumba na la gari. Paa pia ni yule mnyama mdogo wa porini mwenye miguu myembamba, hodari wa kuruka. Na kupaa ni kwenda juu, kama ndege. Najua ni sadfa tu, maneno ya Wafaransa na yetu hayana nasaba. Lakini ukilitazama paa la turubai linavyojinyanyua kutoka kwenye kioo cha mbele, likasimama hewani kidogo, kisha likainama nyuma na kulala, utaona kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno yote ya jambo hili kabla gari halijafika pwani.

Magari ya mwanzo karibu yote yalikuwa wazi. Yalikuwa na turubai la kukinga mvua, ila ubavuni hapakuwa na vioo, palikuwa na mapazia ya kufunga kwa vifungo. Kule Marekani katika miaka ya 1920 magari ya kufungika ndiyo yakawa mengi, na hapo ikabidi lipatikane jina la gari linaloweza yote mawili: kuwa wazi kama yale ya zamani, na kufungika kwa vioo vya kupandisha kama haya mapya. Jina hilo ndilo konvetibo. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilitungwa kulitenga gari hili na lile lililo wazi tu. Sisi tukalipokea, tukalipa maana ileile lililotungwa kuikwepa. Hilo ndilo linaloniuma.

Na kosa hilo lina gharama. Jumamosi ileile, tukiwa ufukweni kwa picha kabla ya kwenda ukumbini, mvua ilianza kudondoka. Mpambe akapiga kelele, "Kaka, kimbiza, gari halina paa!" Shangazi wa bibi harusi alikuwa kakaa nyuma naye, akavua kanga yake ya begani akamfunika kichwa na shela. Nikawaambia watulie. Nikasogea pembeni ya barabara, nikasimama, nikavuta swichi ya paa. Kimya. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo yenye alama ya gari na buti.

Nilijua ni nini. Ndani ya buti la konvetibo kuna pazia, kipande cha kitambaa kigumu ambacho unakivuta na kukichomeka pande mbili. Juu ya pazia ni nyumba ya paa, chini yake ni mizigo. Pazia lisipochomekwa, kihisio kinalizuia paa lisitembee, kwa sababu likishuka na kukuta sanduku, ama litachanika turubai ama zitapinda nondo zake. Nikafungua buti. Tulipokuwa kwenye picha vijana walikuwa wameingiza begi la nguo za kubadilisha na boksi la zawadi, na ili vitoshe walilichomoa pazia na kulirudisha nyuma. Sikuwalaumu. Walikuwa wameambiwa gari halina paa, wangejuaje kwamba ile nafasi ina mwenyewe?

Nikalitoa boksi nikampa mpambe alishike, nikalaza begi chini, nikavuta pazia na kulichomeka kulia na kushoto, nikafunga buti. Injini ikiwa inawaka, maana pampu ya haidroli, ile inayolisukuma paa, inakula betri sana, nikakanyaga breki na kuvuta swichi bila kuiachia. Vioo vinne vikashuka. Kifuniko cha nyuma kikafunguka, turubai likatoka likiwa limekunjwa, likajinyoosha juu ya vichwa vyetu, likafika kwenye fremu ya kioo cha mbele na kujifunga. Vioo vikapanda. Nje mvua ikawa inasikika kwa mbali, kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya jirani. Shangazi akaitoa kanga kichwani mwa mwanawe, akaikunja taratibu, akasema, "Kumbe lipo!"

Lipo, mama. Muda wote lilikuwapo.

Swichi hiyo nayo ina adabu zake. Inashikwa mpaka mwisho. Ukiiachia katikati, paa linasimama pale lilipofika, na likikaa hivyo muda mrefu nguvu ya haidroli hupungua, linaweza kushuka lenyewe juu ya mkono wa mtu. Yako magari yanayokubali kukunja paa yakiwa yanatembea, mengine hadi kilomita 50 kwa saa, na yako yasiyokubali mpaka yasimame kabisa. Kitabu cha gari ndicho kinachosema, siyo rafiki yako mwenye gari la aina nyingine. Mimi nasimama kila mara, hata pale gari linaporuhusu, kwa sababu paa likiwa hewani linashika upepo kama tanga. Na turubai likilowa halikunjwi hadi likauke, la sivyo litaota ukungu kwenye mikunjo.

Nimeona pia mahali ambapo neno "lisilo na paa" limechukuliwa kama lilivyo. Mtu ana saluni ya kawaida, yaani gari dogo lenye paa la kudumu, anataka kuikodisha kwa harusi, anampelekea fundi analikata paa kwa grinda, kingo zinazibwa kwa mpira, gari linapakwa rangi nyeupe. Hilo kweli halina paa, na ndiyo sababu si konvetibo. Kwenye saluni paa linabeba. Mwulize fundi bati wa mtaa wa Gerezani hapa Dar: debe ukilikata mdomo linakuwa legelege, linapinda ukilishika kwa mkono mmoja, ndiyo maana huwa anakunja ukingo wake juu ya waya. Kiwanda kinafanya vivyo hivyo kwa konvetibo. Vizingiti vya milango vinanenepeshwa, chini kunaongezwa vyuma vya kukatiza, na nguzo mbili za kioo cha mbele zinatiwa chuma kigumu ndani ili zibebe uzito gari likipinduka. Ndiyo maana konvetibo mara nyingi huwa nzito kuliko ndugu yake mwenye paa la kudumu, ingawa macho yanakuambia limepunguzwa kitu. Lile lililokatwa halina hata kimoja kati ya hivyo. Utalitambua kwa milango: baada ya muda inagoma kufunga, kwa sababu gari limeshaanza kupinda katikati.

Nyuma ya vichwa vya abiria kuna vyuma viwili vya upinde, au wakati mwingine huvioni kwa sababu vimejificha ndani. Mwaka 1989 Mercedes-Benz ilitoa konvetibo yake ya SL ambayo upinde wake ulilala na kuchomoka wenyewe kwa sekunde 0.3 gari lilipohisi linapinduka. Leo magari mengi yana kitu cha namna hiyo. Juu yake hapawekwi mashada wala mito. Na upinde huo na nguzo za mbele zinakulinda kwa sharti moja, kwamba kichwa chako kiwe chini ya mstari unaoviunganisha, na mkanda ndio unaokiweka hapo. Usipofunga mkanda kwenye saluni angalau kuna bati linalokuzuia usitupwe juu. Kwenye gari lililofunguliwa hakuna. Mifuko ya hewa ya pazia, ile inayoshuka kutoka darini kukinga kichwa ajali ikitokea, nayo haina pa kukaa. Volvo kwenye konvetibo yao ya C70 ya mwaka 2006 iliiweka ndani ya milango ikawa inapanda badala ya kushuka. Watu walioumba magari haya walihangaika sana na swali hili. Katika miaka ya 1970 kule Marekani hofu ya sheria za usalama wa gari likipinduka ilichangia viwanda kuacha kuyatengeneza, hadi Cadillac ikaitangaza Eldorado ya mwaka 1976 kuwa konvetibo ya mwisho ya Kimarekani. Yakarudi mapema miaka ya 1980.

Kwa hiyo mpiga picha anaponiambia maharusi wakae juu, kule nyuma kwenye kifuniko, miguu ikiwa kwenye kiti, nakubali gari likiwa limezimwa. Kile ni kifuniko cha paa, hakikuumbwa kukaliwa, na likianza kutembea vichwa vyao vimepita upinde, vimepita nguzo, na mkanda hauwafikii. Bibi harusi mmoja aliniambia, "Kaka, si gari la wazi? Raha yake ndiyo hiyo." Nilimfunga mkanda mwenyewe juu ya shela, nikamwekea leso chini ya mkanda ili shela lisichafuke, na picha zilitoka nzuri.

Tofauti nyingine nitazipitia haraka, maana hazinisumbui kama hiyo. Sanrufu ni dirisha la paani, gari linabaki na paa na nguzo zake zote. Land Cruiser ya utalii inayoinua paa pale Serengeti watu wasimame kutazama simba, hiyo imeinua paa, haijalikunja, na mwili wa gari uko palepale. Porsche mwaka 1965 walileta 911 yenye upinde mpana usioondoka na kipande cha katikati cha kutoa kwa mkono, wakaiita Targa kwa jina la mbio za Targa Florio za Sicilia. Hiyo ni binamu. Na gari analosimama Rais akikagua gwaride uwanjani, watu wote wakimwona mpaka viatu, hilo liiteni gari la wazi kwa haki yake.

Ndugu yangu mshehereshaji, najua ukumbi ukijaa na kipaza sauti kipo mkononi neno linakutoka lenyewe, na uliwafurahisha watu. Mara nyingine sema "gari la paa la kukunja", lina mahadhi mazuri kulitamka taratibu. Ukipenda kifupi sema konvetibo. Na ukiwa na nafasi kabla maharusi hawajashuka, njoo pembeni yangu ushike swichi wewe mwenyewe, tulifunge na kulifungua mara moja mbele ya wageni. Usiiachie mpaka mwisho.