Maji ya kijani bwawani si lazima yawe machafu

Kwa wafugaji wa perege wa Rungwe au Njombe utasikia: maji yakigeuka kijani yamechafuka, yamwage. Hapana. Ukijani ule kwa kawaida ni mwani, vijimea vidogo mno, na perege huvila. Samadi tunayotia bwawani kazi yake ndiyo hiyo, kuvilisha naitrojeni na fosforasi.

Shida ni vikizidi. Mchana mwani hutumia jua kutengeneza oksijeni. Usiku hautengenezi, lakini unaendelea kuitumia kama samaki wenyewe. Ndiyo maana alfajiri perege huonekana juu wakihema, wengine wamekwisha kufa, kisha jirani anasingiziwa kutia sumu! Baada ya siku ya mawingu mazito (na huku kwetu hazihesabiki) hali huwa mbaya zaidi. Mwani ukifa kwa wingi, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni iliyobaki.

Zamisha mkono wima polepole. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika katikati ya kigasha, acha samadi, ingiza maji mapya. Ila utando wa kijani-buluu, kama rangi iliyomwagika, usiuchezee: baadhi ya aina zake hutoa sumu kweli. Ng'ombe wasinywe hapo.