Je, wajua kwa nini padre huvaa rangi ya waridi Dominika (Jumapili) ya tatu ya Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi?

Wakatoliki wengi wameshaiona. Wiki mbili padre yuko kwenye zambarau, halafu Dominika ya tatu anatoka sakristia na kasula (vazi la juu la Misa) ya waridi, na watoto wa mabenchi ya mbele wanaanza kunong'onezana. Parokia nyingine kasula hiyo hazina, maana huvaliwa siku mbili tu kwa mwaka. Huko waridi huishia kwenye mshumaa wa taji la Majilio.

Siku hiyo inaitwa Gaudete, Kilatini cha "furahini". Ndilo neno linaloanza wimbo wa mwanzo wa Misa, kutoka Wafilipi 4:4: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Zambarau ni rangi ya toba, na zamani Majilio yalikuwa na mfungo wake, kwa hiyo katikati ikawekwa siku ya kupumua. Kwaresima nayo ina ya kwake, Dominika ya nne.

Kinachonishangaza mimi ni furaha hii inatoka kwa nani. Paulo aliandika maneno hayo akiwa kifungoni. Na katika mwaka A wa masomo, yaani wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, kama Majilio ya 2025, Injili ya siku hiyo, Mathayo 11, inaanzia gerezani. Yohana Mbatizaji amefungwa, na Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kuwa ilikuwa katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Ni Yohana yule yule aliyeruka kwa furaha tumboni mwa Elisabeti, Maria alipowasili na kutoa salamu. Leo anatuma watu wakamuulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Yesu hajibu ndiyo wala hapana. Anawaambia wakamweleze Yohana wanayoyaona: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, viziwi wanasikia, maskini wanahubiriwa habari njema. Maneno hayo yana mwangwi wa nabii Isaya, sura ya 35 na ya 61. Lakini ile ya 61 ina jambo jingine: wafungwa kutangaziwa kufunguliwa. Kule Nazareti, katika Luka 4, Yesu alilisoma kwa sauti sinagogi zima likisikia. Safari hii, anapomjibu mtu aliye gerezani, halitaji. Sidhani kama Yohana hakuliona pengo hilo. Gereza halikufunguliwa, alikatwa kichwa humo humo.

Je, kuuliza kulimpunguzia wito wake? Mathayo anaendelea kwamba Yesu aliwageukia makutano akasema katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana. Ila aliyasema hayo wale wajumbe wakiwa wameshaondoka, njiani kurudi gerezani na jibu lenye pengo.